Gari Waliloliita Austin

Jumapili, 2 Novemba

Leo hatukwenda kanisani. Tumesali hapa hapa, watu watatu, tumekalia viti vilivyong'olewa kwenye magari, tukaimba kwa sauti ya chini kama watu walioiba. Najua Mungu anasikia hata mnong'ono, lakini mimi nimezoea kumwimbia kwa kifua chote.

Niandike tulivyofika, maana siku hizi kichwa changu hakishiki kitu. Alhamisi wale watu wa maandamano ya kupinga wageni walipita jengo letu la Greyville, hapa Durban, mlango kwa mlango, wakiuliza nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Karatasi zetu za ukimbizi ni za kweli, zina mhuri, ila wao hawakuja kusoma mhuri. Walisema watarudi. Mlinzi wa jengo, ambaye binti yake nimemsuka tangu akiwa mdogo, aliinamisha macho akaniambia kwa Kizulu, "Mama, hamba." Ondoka. Tukaondoka.

Sasa tuko Mobeni, katikati ya viwanda, ndani ya garaji iliyofungwa ya Bwana Pillay. Mume wangu Léonard alimnyooshea bodi za magari hapa miaka mingi kabla mzee hajaugua. Bwana Pillay ametupa ufunguo na sharti moja: msionekane. Huku hakuna mtu anayeruhusiwa kulala. Na wale watu wakijua kuna wageni wamejificha, hawatakuja na maneno.

Binti yetu Aurélie yuko mwezi wa tisa. Mume wake Serge yuko Cape Town anatafuta chumba. Mtoto akishazaliwa na akipata nguvu ya safari, tutapanda basi twende. Ninachoomba ni kimoja: tusionekane mpaka hapo.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua. Nimeipenda. Bati likipigwa hivi naweza kukohoa.

Jumamosi, 8 Novemba

Uwanjani, chini ya turubai, iko Peugeot 404 ya Bwana Pillay, haina magurudumu. Léonard anaipangusa vumbi kabla hajanawa uso. Nimemwambia, Papa Aurélie, hilo gari lingekuwa mke ningekuwa na wivu.

Hii shughuli yake ya magari ya zamani nimeigombania sana. Kwenye simu yuko katika kikundi cha watu wanaotumiana picha za zamani za Durban: barabara, maduka, watu wamevaa kofia. Wengine wanaangalia kofia. Yeye anatafuta magari pembeni, hata yakionekana kidogo tu. Atakuta kipande cha bampa nyuma ya sketi ya mama fulani, aseme hii ni Zephyr, hii ni Hillman, na mwaka wake. Watu wa kikundi ni Wazungu, Wahindi, Wazulu, wengi wamestaafu, hawajawahi kumwona. Wanamwita Mister Leonard. Picha ikiwashinda wanaandika, "Tumsubiri Mister Leonard." Ananiambia barabarani anaitwa lile neno lingine, la kutukana wageni, ambalo sitaliandika hapa.

Zamani nilikuwa nasema ni utoto. Leo, kwa sababu hakuna pa kwenda, nimekaa karibu naye akanifundisha. Usiangalie uso wa gari, anasema, uso unadanganya, watu hubadilisha taa. Angalia mahali kioo cha nyuma kinapokutana na paa. Nikaangalia. Sikuona kitu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetambua moja. Volkswagen. Aurélie alicheka mpaka akashika tumbo, akasema hata kipofu anaijua Volkswagen.

Jumanne, 11 Novemba

Pikapu nyeupe imepita mbele ya geti polepole, ikageuka, ikapita tena. Tulizima jiko. Aurélie alijilaza nyuma ya mapipa ya rangi, na mimi nikasimama na sufuria ya moto mkononi, sijui nilitaka kuifanyia nini. Haikurudi. Ugali ulikuwa mbichi katikati, tukaula hivyo hivyo.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Léonard hajala.

Kwenye kikundi kuna mtu ameweka picha iliyopigwa hapa hapa Mobeni zamani, viwanda vikiwa vipya, miti bado midogo. Kando ya barabara kuna gari, linaonekana upande wa nyuma tu. Mwanamume mweusi amevaa koti jeupe la dereva, ameweka mkono juu ya paa, kichwa amekigeuza kidogo. Wote wanasema ni Austin Cambridge. Léonard anasema ni 404.

Nilimuuliza, basi, kuna ubaya gani? Akanieleza kwa uvumilivu kama anamweleza mtoto wa shule ya Jumapili. Haya magari mawili yanafanana kama mapacha kwa sababu Mwitalia mmoja ndiye aliyeyachora yote mawili. Lakini ile Austin ya kwanza ina mabawa ya nyuma marefu, yale ya bati juu ya taa, yamechongoka. Ya 404 ni ya chini. Yeye 404 aliisukuma, aliilalia, aliitengeneza tangu kijana kule Uvira. Kwetu ndiyo ilibeba maharusi, na maiti, na mihogo.

"Achana nao," nikamwambia.

"Mama Aurélie, wanalisingizia."

Alisema hivyo kama vile watu wamemsingizia mama yake. Nikafikiri, huyu mtu amefukuzwa kwake, analala kwenye kiti cha Toyota, na kinachomuuma ni hiki.

Jumamosi, 15 Novemba

Ee Bwana. Nitaandika taratibu.

Asubuhi jua lilitoka. Aurélie alisema nguo zinanuka ukungu, akafua, akatandaza vitenge vyake vitatu na vinepi vya mtoto kwenye kamba ya uwanjani. Sikumkataza. Nilifurahi kumwona amesimama juani na tumbo lake.

Mimi nilikuwa ndani nikipika wali. Léonard alifunua turubai, akapiga picha ya nyuma ya 404, bawa na taa, akaituma kwenye kikundi kwa Kiingereza chake: Ndugu zangu, hii hapa 404 ya kweli, linganisheni. Aliniletea simu anatabasamu. Watu walikuwa wanamsifu. Mmoja aliandika kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa na wasiwasi na ile Austin.

Halafu mtu mwingine akaandika: "Hii si ni Mobeni? Lile bomba la kiwanda nalijua."

Halafu: "Nguo za nani hizo?"

Niliichukua simu. Bawa la gari lilikuwa mbele, safi kabisa. Nyuma yake geti la kijani la Bwana Pillay. Bomba la kiwanda cha ng'ambo. Na vitenge vya mwanangu, vimenyooka juani, hata maua yake yanahesabika. Mtu akaandika kwamba vitambaa vile ni vya wale watu, akaweka lile neno, akauliza nani analijua hilo geti.

"Ulikuwa unaangalia nini?" nikamuuliza.

"Taa."

"Na hizi?"

"Sikuziona."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Mtu anayeona bampa nyuma ya sketi ya Mzungu aliyekufa, haoni kitenge cha binti yake mwenyewe kinachopepea. Aliifuta picha. Lakini wakati anaifuta kulikuwa na mwenzao ameshairudisha, na vitenge amevizungushia duara jekundu. Na chini ya duara mtu mmoja, Mthembu, aliandika maneno machache tu: "Hilo geti nalijua."

Aurélie ametoa nguo kwenye kamba zikiwa bado mbichi. Hakumsema baba yake. Afadhali angemsema.

Jumapili, 16 Novemba

Tumefikiria kuondoka. Kwenda wapi? Kanisani wale watu walishapita. Mama Ernestina, mkunga wetu wa kanisa, ameahidi kuja hapa uchungu ukianza. Simu anaogopa kupokea, kwa hiyo ishara yetu ni kumpigia mara moja na kukata; tukihama, hatajua pa kutukuta. Hospitali ya karibu, wanasema getini kuna watu wanauliza karatasi. Miguu ya Aurélie imevimba, viatu haviingii.

Tumesoma Zaburi. Tumekaa.

Jumatatu, 17 Novemba

Aurélie amemtafuta huyo Mthembu kwenye simu. Heri asingemtafuta. Ni mzee, na katika picha yake yuko katikati ya maandamano, fimbo mkononi, mdomo umefunguka anaimba. Barabara naijua. Ni ile yenye robot, taa za kuongozea magari, pale chini ya saluni nilikokuwa nasukia.

Léonard amefunika 404 na turubai, juu yake ameweka mabati, juu ya mabati matairi. Nimemwona akiipa mgongo hata akila.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Leo haikunifariji. Chini ya mvua hii mtu anaweza kufika mpaka mlangoni usimsikie.

Jumatano, 19 Novemba

Amekuja.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Honi fupi, mara moja. Halafu sauti ya mzee: "Leonard! Leonard wa magari!" Akaita tena, akasema kwa Kizulu yuko peke yake na analowa.

Nilimwambia Léonard asifungue. Akasema mtu anayeita jina lako getini, usipomfungulia anarudi na wenzake. Akaenda, na mimi nikamfuata, kwa sababu Kizulu chake ni cha sokoni na changu ni cha saluni, nimekijua kwa kusikiliza umbea wa watu siku nzima.

Kweli alikuwa peke yake. Kofia ya kahawia, mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, ile fimbo. Alinitazama, akatazama ndani, nadhani alimwona Aurélie. Aliomba kuonyeshwa gari.

Léonard alitoa matairi, akatoa mabati, akafunua turubai. Mzee alizunguka mara moja. Akasimama nyuma ya gari, akaweka mkono juu ya paa, na nikaona amesimama vile vile kama yule dereva wa kwenye picha. Hata kichwa.

"Yule mtu ni baba yangu," akasema.

Léonard alivua kofia yake. Mzee akamuuliza kama ana hakika si Austin.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Nilitaka mume wangu amjibu lile analotaka kusikia, lolote, na sote wawili hatukujua analotaka ni lipi. Léonard alinitazama. Halafu akasema, na mimi nikamtafsiria neno kwa neno, nikimwomba Mungu kwenye kila neno: "Baba, samahani. Ni Peugeot 404. Kiwandani Ufaransa ilianza kutoka mwaka wa sitini. Hapa kwenu labda baadaye kidogo. Kabla ya sitini hilo gari halikuwepo duniani."

Mzee alikaa juu ya tairi. Nilimletea chai kwa sababu sikujua la kufanya, akaipokea kwa mikono miwili.

Alisimulia akiangalia chai. Baba yake alikuja Durban kutafuta kazi, akimwacha yeye mtoto mdogo kule Eshowe. Krismasi ya mwaka hamsini na tisa mtu wa kwao alirudi akasema amekufa bandarini, mzigo umemwangukia, ameshazikwa. Mama yake akanyoa kichwa, akavaa nyeusi mwaka mzima. Hakuingia kwenye sherehe, hakupaza sauti, alipita pembeni ya njia ili asikutane na watu. Nguo zile nyeusi zilipochomwa kumaliza msiba, wakaja wanaume wa kumtaka, akakataa. Akabaki mjane wa mtu huyo mpaka leo. Yuko hai, amepita miaka tisini, haoni vizuri. Mjukuu alimwonyesha picha ile kwenye simu, akaipapasa akasema, ndiye huyu, kabla ya kufa. Akafurahi sana. Halafu mjukuu akasoma maneno ya Mister Leonard.

"Sasa watoto wananiuliza," mzee akasema, "babu aliegemeaje gari ambalo lilikuwa halijatengenezwa."

Mvua ilikuwa imepungua, na maji yanadondoka kutoka kwenye bati.

"Mama atasikia. Watamwambia tu, hawana adabu hawa wa siku hizi. Nataka uandike kwamba ulikosea. Uandike ni Austin."

Mzee akaendelea kwamba yeye naye ataandika kuwa geti hili analijua, liko Pinetown, mbali na hapa, kwa kaka yake, na vitenge ni vya shemeji yake anayeviuza. Watamwamini, wamemwona kwenye maandamano. "Na sitakuficha, niliandamana. Kazi hakuna, na ninyi ni wengi. Hilo bado nalisema. Ila mama yangu alivaa nyeusi bure, kwa mtu aliyekuwa hai, na sitaki alijue hilo."

Nilimtazama mume wangu. Wale ni watu pekee katika nchi hii wanaomwita Mister. Nilidhani atakubali haraka, kwa ajili ya Aurélie.

"Austin ya hamsini na tisa," akasema mwisho, "ina mabawa marefu, Baba."

"Kwenye picha yanaonekana?"

"Mimi nayaona. Si marefu."

"Mama yangu haoni."

Léonard alikunja turubai taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja shuka la marehemu. Akasema sawa.

Getini mzee alinirudishia kikombe. Akamwangalia Aurélie aliyekuwa amejificha vibaya nyuma ya mlango, akaniuliza lini. Nikasema wakati wowote. "Eish," akasema, na akaenda zake na mwavuli wake.

Alhamisi, 20 Novemba

Mzee ametimiza. Asubuhi aliandika juu ya Pinetown, na kaka yake, na shemeji anayeuza vitambaa. Aliongeza kwamba yule dereva ni marehemu baba yake, aliyefariki mwaka hamsini na tisa akiwa kazini. Watu wakaanza kuweka mikono ya kuomba na mishumaa. Vitenge vikasahaulika.

Halafu Léonard akaandika. Alikaa ndani ya 404 kuandika, kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Ilimchukua muda mrefu kuliko maneno yenyewe: Nimeangalia tena. Nilikosea. Ni Austin Cambridge. Pole kwa familia.

Walimcheka, kwa upole mwanzoni. Hata Mister Leonard anakosea, waliandika. Yule aliyekuwa na wasiwasi na Austin sasa alisema hakuwahi kuwa na wasiwasi. Kuna mmoja alimwita Mister Austin, na wengine wakalipenda hilo jina. Mjuzi mmoja aliandika somo refu namna ya kutofautisha mabawa, kila kitu kinyume, na Léonard akalisoma lote mpaka mwisho.

Nilikwenda nikakaa kiti cha abiria. Nilikuwa na maneno yangu ya Jumamosi, yale makali, nimeyaweka tayari. Hayakutoka. Nilimshika goti, tukakaa hivyo, tunaangalia kioo cha mbele ambacho hakionyeshi kitu ila ukuta.

Jumamosi, 22 Novemba

Ile pikapu nyeupe imepita. Haikupunguza mwendo. Léonard alisikia injini kabla yangu, akataja aina na mwaka, halafu akanyamaza kama mtu aliyetukana mbele ya watoto.

Jumatano, 26 Novemba

Mtoto wa kike. Mama Ernestina alifika alfajiri, amejificha kati ya wafanyakazi wa zamu ya kwanza, na mpaka saa nne kazi ilikuwa imekwisha. Aurélie aliuma kitambaa asipige kelele. Nimeona wanawake wengi wakijifungua, sijawahi kuona kimya kama kile, na sitaki kukiona tena. Mtoto naye alilia kidogo tu. Mama Ernestina alisema ana afya. Mimi nilifikiri, huyu naye ameshajua.

Serge amepata chumba. Tunasubiri wiki mbili.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua imerudi. Tumesali watu wanne. Léonard alimshika mtoto wakati wa sala. Simu yake ilikuwa inalia mfukoni mwa koti, picha mpya, watu wanabishana, na hakuitoa.

Nilipiga magoti nitubu ule uongo. Ule wa Austin nadhani Mungu ataupima pamoja na amani ya yule mama wa Eshowe. Ni ule wa Pinetown unaoniamsha. Usiku najiuliza kama Pinetown hakuna mama mwingine mwenye geti la kijani, mwenye vitenge kwenye kamba, ambaye hana shemeji Mthembu wa kumkinga. Nataka kumwombea na simjui jina.

Nikafungua mdomo kutubu, nikashindwa. Nitamwambiaje Mungu uniondolee uongo huu, wakati leo jioni nitamlaza mtoto ndani yake? Nikamwomba aningojee mpaka Cape Town.